Dakika Saba za Mume Wangu

Wazo la ile jioni ya hadithi lilikuwa langu, kwa hivyo nikianza kulalamika mtu aninyamazishe. Ni mimi niliyesimama mbele ya kamati ya klabu nikasema, jamani, kila wiki tunatoa hotuba za uongozi na za kupanga muda, na hakuna hata siku moja tumeketi tu tukaambiana yaliyotupata. Walinipigia makofi. Lakini wale hupigia kila kitu makofi, hata ukitoka msalani.

Klabu yetu ni ya kujifunza kuongea mbele ya watu. Tunakutana katikati ya mji, hapa Eldoret, ghorofa ya juu ya jengo ambalo chini kuna duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa hivyo ukumbi wetu hunuka dawa ya kupe mwaka mzima. Wanachama ni walimu, watu wa bima, wachungaji, na wale ambao wanataka kuwania kiti siku moja ila bado hawajasema. Mimi kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine, nina kaduka mtaani Kapsoya. Nilijiunga kwa sababu kwenye harusi ya mpwa wangu nilipewa kipaza sauti nitoe shukrani kwa niaba ya familia, nikafungua mdomo kikatoka kikohozi.

Pale klabuni kila kitu kina utaratibu. Ukiongea, mtu mmoja anakuonyesha kadi: ya kijani, ya manjano, halafu nyekundu, na nyekundu ikishainuliwa ujue umekwisha. Mwingine anahesabu kila mara unaposema "aah." Ukimaliza, wa tatu anasimama kukukosoa, na lazima aanze na sifa, aweke kosa katikati, afunike na sifa tena. Na hotuba yenyewe inatakiwa ianze na kitu cha kuchekesha na imalizike na mafunzo, matatu ikiwezekana. Nimewahi kuketi hapo nikapewa mafunzo matatu na mwanamume aliyekuwa anatueleza jinsi ya kupika ugali. Nilikuwa nacheka sana siku hizo, nikirudi nyumbani na maneno mengi ya kuwasimulia wateja.

Sasa niseme wazi nilichokuwa nakitaka, msije mkadhani nilikuwa mpenzi wa sanaa. Nilitaka mume wangu aniambie alikuwa wapi ile asubuhi mtoto wetu alipofariki. Hiyo tu. Kila kitu kingine nilichofanya, viti nilivyobeba na kamati niliyogombana nayo, kilikuwa njia ya kufika hapo.

Tulikuwa na msichana mmoja. Alikuwa na miaka mitano, msumbufu ajabu, anauliza maswali mpaka unajifanya umelala. Mwezi wa saba, baridi ya huku ikiwa imekaza vile hukaza, kifua kikamshika. Tulidhani ni homa. Nilimvalisha sweta mbili, nikamchemshia tangawizi, na yeye akanywa akikunja uso. Tulipofika hospitali daktari akasema ni nimonia, wakamlaza. Nilikuwa nalala naye kitandani, na baba yake kwenye benchi la nje ya wodi, na tuliambiwa anaendelea vizuri, na mimi nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Asubuhi ya mwisho sista alikuja na kikaratasi, akasema kuna dawa haipatikani hapo ndani, baba aende akanunue. Chemisti iko ng'ambo ya barabara. Ukisimama kwenye dirisha la ile wodi unaona mlango wake na mtu akiingia. Alichukua karatasi, akamgusa mtoto kichwani, akatoka. Mimi nilienda dirishani nimwone akivuka. Nilingoja. Sikumwona.

Nilirudi kitandani kwa sababu mtoto alianza kupumua vibaya. Nikapiga kelele, wakaja wengi, wakavuta pazia, wakanisukuma nje. Nilipita chini ya mkono wa mtu nikarudi ndani kwa nguvu, nikamshika. Akanishika kidole, hiki hapa cha shahada, akakikaza. Halafu hakukikaza tena. Mama yeyote aliyepitia hapo anajua sina la kuongeza.

Baba yake alifika mashuka yakiwa yameshabadilishwa. Asubuhi nzima ilikuwa imepita. Alikuwa na dawa mkononi, kwenye kibahasha cha kaki, na viatu vyake vilikuwa na matope mekundu mpaka juu ya visigino. Kutoka hospitali mpaka ile chemisti ni lami tupu, na hata hapo getini kumewekwa saruji. Niliona yale matope kabla sijamwona uso. Nikajiambia nitamuuliza baadaye.

Wakati wa matanga huwezi kuuliza mtu kitu, nyumba imejaa, kila mmoja ana sufuria mkononi. Nilimuuliza mara moja tu, wageni wakiwa wameshaenda, tukikunja blanketi. Nikasema, "Ile asubuhi ulienda wapi?" Aliweka blanketi chini polepole, akatoka, akapanda gari akaenda kijijini kwao, Ziwa, akakaa kwa mama yake mpaka nikamwomba shemeji yangu amrudishe. Niliogopa kumpoteza na yeye. Nikafunga mdomo, na nikaufunga kwa miaka.

Lakini kichwa hakifungwi. Nimemweka kila mahali yule mtu. Nimemweka kwa mwanamke. Nimemweka kwenye baa, na yeye hata pombe haonji. Nimemweka kanisani amepiga magoti. Nimemweka amesimama tu mahali akiogopa kurudi, na hiyo ndiyo ningeisamehe upesi kuliko zote, haki ya Mungu, kwa sababu hata mimi ningekuwa na pa kukimbilia ningekimbia. Nilichotaka ni kujua ni ipi kati ya hizo, nipumzike kuzibeba zote.

Huku kwetu ukishazaa watu husahau jina lako, unakuwa mama wa fulani, na mume anakuwa baba wa fulani. Hata nyumbani tuliitana hivyo, kwa jina la mtoto. Baada ya mazishi aliacha kuniita. Si kwamba alirudia jina langu la zamani, la. Hakuniita lolote. Anasimama mlangoni anasema, "Maji ya kuoga iko?" na hujui anaulizwa nani. Wateja dukani bado wananiita kwa jina la mtoto, na kila wakiniita ninaitika.

Basi nilipoona klabu imenifungua mdomo mimi, nikamburuta na yeye. Alikuja shingo upande. Yeye anafanya kazi na ushirika wa maziwa, anazunguka kwa wakulima kuwafundisha usafi wa mikebe, na nilimwambia itamsaidia kazini. Wacha bwana! Mtu ambaye nyumbani anasema "chumvi" tu akitaka nimpitishie chumvi, pale mbele alitembea, akacheka, akanyoosha mikono. Aliongea juu ya maziwa watu wakasahau kwamba ni maziwa. Kabla mwaka haujaisha ndiye aliyekuwa anaitwa wageni wakija. Nami nimeketi nyuma, roho inaniuma na inafurahi kwa pamoja, nikijiambia kumbe sauti iko.

Hapo ndipo nikatunga ile jioni. Masharti yangu yalikuwa machache. Usimulie kitu kilichokupata wewe mwenyewe, cha kweli. Usishike karatasi. Na ukimaliza, mtu yeyote asisimame kukukosoa wala kukusifu kwa utaratibu. Mwenyekiti wetu, mtu mzuri lakini mwenye macho kwenye uchaguzi, hakuelewa kabisa.

"Sasa, Mama, bila kukosolewa watu watajifunza nini?"

"Wasijifunze! Wasikilize tu. Kuna ubaya gani mtu akisikiliza?"

"Na wageni tutakaowaalika? Mtu akisimama akaanza kuzunguka zunguka tu? Itaharibia klabu jina."

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukaelewana hivi: kukosoa hakuna, mafunzo si lazima, lakini kadi za muda zitakuwepo, na kila msimulizi lazima aende kwanza kwa mshauri wa klabu amsikilize na kumnyoosha. Kamati ilitaka dakika tano. Nilipigana nikapata saba. Nilitoka pale kifua mbele, kumbe ni mimi niliyemjengea mume wangu ukuta.

Mshauri mwenyewe ni mwanamke anayefundisha chuo kikuu, anaishi Kesses, sisi wote tunamwita Madam. Sina neno baya kwake hata leo. Ana subira, hamcheki mtu, na amewatoa uoga watu ambao mimi ningewakatia tamaa. Kama ni mtu wa kumkabidhi mume wako aliyefunga moyo, ni yule.

Siku moja tukila, mume wangu akasema bila kuinua macho, "Nimejiandikisha ile jioni yako."

"Utasimulia nini?"

Alitafuna mpaka akameza. "Ya mtoto."

Neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake ndani ya nyumba ile tangu tulipokunja blanketi. Niliinuka nikaenda nyuma kama mtu anayeanua nguo. Hakukuwa na nguo. Nilishika kamba nikalia, kilio cha furaha, nawaambia, nikiwa na hakika kabisa kwamba mambo yetu sasa yanaisha vizuri. Nilikuwa mjinga lakini nilikuwa na furaha, na sijaipata tena furaha ya aina hiyo.

Alienda Kesses Jumamosi mbili. Ya kwanza alirudi macho mekundu, akalala mapema bila kula. Ya pili alirudi akipiga mluzi. Kisha akaanza kufanya mazoezi bafuni, nasikia sauti inapanda na kushuka nyuma ya mlango, na mimi, badala ya kutega sikio, nikawa naongeza redio. Nilitaka niisikie yote mara moja, kutoka mwanzo, imekamilika, na yeye ananitazama. Nilikuwa najizuia kama mtoto asiyetaka kufungua zawadi kabla ya siku yake.

Siku yenyewe nilifunga duka mapema nikapanda kule juu kupanga ukumbi. Viti vyetu hukaa safu safu kama kanisani. Nikavizungusha, watu waangaliane. Nikaleta kigoda changu cha kwenye mashine, nikakiweka katikati, ili msimulizi akae, asisimame kama mwanasiasa. Mwenyekiti akaja akakirudisha pembeni, akasema msemaji husimama. Nikakirudisha. Akakitoa. Mwishowe kigoda kilibaki katikati na hakuna aliyekikalia usiku huo, wote walisimama kando yake wakikizunguka. Nilipika mandazi na chupa nne za chai. Wageni walijaa mpaka wengine wakaegemea ukuta.

Mambo yalianza vizuri. Mwalimu mmoja alisimulia alivyosaidia ng'ombe kuzaa akiwa amevaa suti ya harusi yake, watu wakashika mbavu. Mtu wa bima alisimulia moto uliochoma stoo ya mahindi ya baba yake, na nikaona anaelekea wapi, na kweli akatupeleka mpaka kwenye bima, hakuweza kujizuia. Hata hapo sikukasirika. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo mume wangu angeniona bila kugeuza shingo.

Akaitwa. Alikuwa amevaa sweta niliyomfumia mwenyewe, ya kijivu. Alisimama, akanyamaza kidogo vile tunafundishwa, akatabasamu.

"Msichana wangu," akasema, "aliwahi kuniuliza, baba, kama mama anajua kufuma, mbona ng'ombe wa babu wanatembea uchi?"

Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli, aliuliza, tukiwa Ziwa kwa babu yake, na nilikuwa nimelisahau swali hilo kabisa. Nilimwona mtoto amesimama kwenye ua wa miti, kamasi puani, anasubiri jibu. Nilimshukuru mume wangu kwa hilo, na bado namshukuru. Akaendelea, akatupeleka kwenye baridi ya mwezi wa saba, kikohozi, wodi, benchi la nje. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Akafika kwa sista na kile kikaratasi. Nilishika kiti kwa chini kwa mikono yote miwili.

"Nilivuka barabara," akasema. "Nikanunua dawa. Nikarudi mbio." Akanyamaza. Alihesabu kimya chake, nilimwona akihesabu. "Na nilifika kwa wakati."

Alijiweka ndani ya lile pazia. Akajiweka kando ya kitanda, akainama, akaonyesha alivyoinama. Akasema mtoto alimtazama. Halafu akainua mkono wake mbele ya watu wote, akanyoosha kidole cha shahada, akasema, "Alinishika hapa. Akakaza. Halafu akaniachilia."

Kidole hicho ni changu! Nilikuwa nimemsimulia dada yangu wakati wa matanga, jikoni, na mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Alikisikia hapo. Hajawahi kuniuliza juu yake, hajawahi kukitaja, na sasa alikuwa amekivaa yeye. Wanawake walikuwa wanalia. Mtu alinishika bega kutoka nyuma. Sikuweza kugeuka.

Kisha akasema ile asubuhi ilimfunza mambo matatu. Niliwaambia mafunzo si lazima. Siyakumbuki, nakumbuka tu alivyoyahesabu kwa vidole vya mkono ule ule. Aliposema la tatu kadi nyekundu ikainuliwa, sambamba kabisa, na ukumbi mzima ukasimama. Mwenyekiti alikuwa anapangusa miwani. Na mimi nilisimama, nikapiga makofi na wenzangu, kwa sababu ungefanya nini, wewe, mbele ya watu wote wale? Walikuja mmoja mmoja kunikumbatia. "Mama, mume wako ni hazina." Nilisema asante. Niligawa mandazi.

Tukiwa njiani kurudi Kapsoya akaniuliza, "Umeionaje?"

Nilikuwa na hasira ya kuweza kumtupa mtaroni. Lakini alikuwa ananiangalia, jamani, baada ya miaka hiyo yote alikuwa ananiangalia usoni akingoja nimwambie kitu. Nikasema, "Ulianza vizuri. Ile ya ng'ombe ilikuwa nzuri sana." Akangoja. Kwa utaratibu wetu, baada ya sifa linakuja kosa. Nilitafuta pa kuanzia nikakosa, nikamwambia sauti yake ilisikika mpaka nyuma. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Nilijituliza hivi: pale kulikuwa na watu, ameficha aibu yake mbele ya watu, mwanamume yeyote angeficha. Sasa mlango umefunguka, ataniambia mwenyewe nyumbani tukiwa wawili. Nikangoja. Niliacha redio imezimwa jioni, nikakaa naye, nikafuma kwa mkono badala ya mashine ili kusiwe na kelele. Alizungumza zaidi ya zamani, hilo nisimnyime. Alizungumza juu ya mahali alipokuwa anaenda kusimulia tena, maana mtu alikuwa amemrekodi kwa simu, ikasambaa kwenye vikundi, makanisa yakaanza kumwita. Akaitwa na shule. Akaitwa na mkutano wa ushirika, akasimulia kabla ya wakulima kupigiwa hesabu ya maziwa. Nilimsindikiza mara mbili. Kila mara ilikuwa nzuri zaidi. Mara ya pili mtoto alikuwa amesema maneno mwishoni, na mtoto wangu hakusema kitu.

Niliacha kumsindikiza. Nikasingizia sweta, kwa vile shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na kweli nilikuwa na kazi.

Wakati huo ndipo Madam alipopita dukani kuchukua sweta ya kijana wake. Akaketi, nikamtilia chai, akaanza kumsifu mume wangu. Alikuwa na furaha ya mwalimu aliyemwona mwanafunzi akipasi.

"Na ungejua ilivyokuwa mwanzo," akasema. "Alipokuja kwangu ile Jumamosi ya kwanza ilikuwa ndefu, Mama, ilipita nusu saa. Alikuwa na kipande kirefu katikati, kabla hajarudi hospitali. Anatembea, anatembea. Nikamwambia hapo utapoteza watu. Mtoto yuko kwa chumba, na wewe uko nje unatembea, msikilizaji atakufuata wewe ama atabaki na mtoto? Jiweke ndani ya chumba."

Mashine ilikuwa inaenda. Niliizima.

"Alikuwa anatembea wapi?"

"Eh?"

"Kwa hicho kipande. Alikuwa anatembea anaenda wapi?"

Alifikiri. Nilimwona akijaribu kwa moyo wake wote, maana ni mtu mwema. "Kulikuwa na shamba. Ama ni mto? Kuna mahali alikuwa amesimama kwa muda mrefu, kuna mtu alimwambia kitu. Alilia sana hapo, nikamletea maji."

"Mtu gani? Alimwambia nini?"

"Ai, Mama, sikumbuki. Alieleza yote, hata sababu alieleza. Lakini unajua hiyo siku mimi nilikuwa naangalia saa, tumepewa dakika saba." Akaipuliza chai yake. "Halafu hicho kipande hakikuwa na funzo. Ndiyo nikamwambia akitoe."

Nilimkunjia sweta. Nilikosea kuikunja, nikaikunjua nikaikunja tena. Nilitaka kumkasirikia na hasira haikuja, nilikuwa nimechoka ghafla kama mtu aliyepanda mlima. Maneno niliyoyangoja miaka yote yalitamkwa. Yalitoka kwa sauti, kwenye sebule moja kule Kesses, mchana, na mtu mwenye masikio mazuri amekaa mbele yake, na yakapotea. Hakukuwa na karatasi kwa sababu mimi nilikataza karatasi. Madam aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia ni mgongo, ni kazi ya kuinama.

Jumapili hiyo, tukiwa tumetoka kanisani na tumekula, mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba anachuma mboga za sukuma. Nilitoka nikasimama kwenye ukingo wa kitalu. Niliogopa, msinione hodari. Niliogopa ataweka zile sukuma chini apande gari la Ziwa. Nikajiambia aende, lakini nitakuwa nimeuliza.

"Ile ya kwanza uliyomwambia Madam," nikasema. "Ile ndefu. Niambie mimi."

"Gani?"

"Kabla hujarudi na dawa. Ulipokuwa nje. Ulikuwa wapi?"

Aliinuka, akajinyoosha mgongo. Hakukasirika. Hakuondoka. Alinikabili kwa upole ambao nilikuwa nimeusahau, uso wake umefunguka, na alionekana kuwa hanielewi.

"Nje wapi? Si nilikuwa hapo ndani na yeye. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Baba, ni mimi. Hakuna watu hapa."

"Najua ni wewe." Akaja karibu, majani bado mkononi. "Wewe ndiye ulikuwa nje. Walikusukuma nje ya pazia. Ulikuwa unapiga kelele, nilikuwa nakusikia."

Nilimtazama machoni. Naishi na mtu huyu, najua akidanganya anaangalia wapi, najua sikio lake linavyoshika rangi. Nilitafuta kwa muda mrefu, nikiomba nipate uongo, hata mdogo, kwa sababu penye uongo kuna kweli chini yake. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anakumbuka.

Akaniwekea mkono begani.

"Pole," akasema. "Najua inakuuma kwamba hukuwa naye. Mimi sijawahi kukulaumu."